Niliuza korosho kwa kangomba, sasa kichwa hakinyamazi

SWALI

“Shikamoo mama. Nina watoto watatu, naishi kijijini wilaya ya Newala. Mwaka jana mwezi wa saba mwanangu wa kwanza alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoa wa mbali. Ndani hapakuwa na hela. Nikachukua laki nne kwa mtu wa kangomba, hawa wanaonunua korosho kwa bei ya chini kabla hazijavunwa, kwa ahadi ya gunia nne msimu ukifika. Mume wangu nilimwambia nimekopa kikoba. Korosho zilitoka kwenye mikorosho niliyorithi kwa mama yangu, kwa hiyo hakuuliza. Anadhani zimelipa mkopo. Minada ilipoanza bei ikapanda, gunia zile zingetupa karibu milioni. Tangu hapo naamka saa nane usiku, nawaza mpaka adhana. Najiona mjinga, nimewaponza wanangu, kila ninachoshika kinaharibika. Kikoba nimeacha kwenda. Shamba ninalitazama tu, na wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho unakaribia. Kwenye simu nimeona mtu anafundisha kwamba wazo baya likija ulifukuze, ujitazame kwenye kioo useme ‘mimi ni mshindi’ mara ishirini. Nimefanya mwezi mzima, nazidi kuwa mbaya. Shoga yangu anasema imani yangu ndogo. Nifanyeje niyafute haya mawazo?”

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Hicho kioo kiache leo. Si kwamba umekosea masharti yake. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake huko Kanada walichapisha utafiti juu ya jambo hilihili: waliwataka watu warudierudie sentensi ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walipata nafuu kidogo. Waliokuwa wakijidharau, ambao ndio hasa wanaouziwa dawa hiyo mitandaoni, walijisikia vibaya kuliko wenzao wenye hali kama yao ambao hawakurudia chochote. Sababu yake umeionja mwenyewe. Ukisema “mimi ni mshindi”, papo hapo kichwa kinaita mashahidi wa kukupinga: gunia nne, uongo kwa mume, kikoba ulichokikimbia. Mara ishirini kwa siku umefungua kesi, na mara ishirini umeshindwa.

Kulifukuza wazo nako hakusaidii, na hili lina ushahidi wa siku nyingi. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, Marekani, waliwaambia wanafunzi wasimwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa sana. Kibaya zaidi, waliporuhusiwa baadaye kumwaza, walimwaza kuliko kundi lililoruhusiwa tangu mwanzo. Ili uhakikishe hufikirii kitu, sharti sehemu fulani ya akili ibaki mlangoni ikichungulia kama kimekuja, na kule kuchungulia ndiko kunakokileta. Kwa hiyo mwezi mzima umekuwa ukifanya kazi mbili za kukuchosha, kisha unajilaumu kwamba hata kufukuza mawazo umeshindwa.

Sitakufundisha kuyafuta, basi. Ninachotaka ujifunze ni kuyatenganisha, kwa sababu yale unayoyaita mawazo ni mambo mawili yaliyochanganyika. Lipo shauri na ipo hukumu. Shauri ni jambo lililotokea au linalokuja, na lina cha kufanywa: mume hajui ukweli, mtoto anaingia kidato cha sita mwezi wa saba, shamba linataka kupaliliwa. Hukumu ni neno juu ya wewe ni nani: mjinga, mponzaji, mwenye mkono wa kuharibu. Shauri hushughulikiwa, hukumu hupimwa kama ina haki. Wewe unafanya kinyume chake. Shauri unalilalia bila kuligusa, na hukumu unaipokea bila hata kuuliza nani kaitoa.

Huu mgawanyo ni wa maneno yangu, lakini umesimama juu ya kazi ya mtu mmoja mkubwa. Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck, mjini Philadelphia, aligundua kwamba wagonjwa wake wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, walikuwa na sentensi fupifupi zinazowapita kichwani kwa kasi, na hawakuzitaja kwa sababu hawakuziona kuwa ni mawazo. Waliziona ni ukweli tu, kama vile mtu anavyoona kwamba leo ni Jumanne. Alipowafundisha kuzikamata, kuziandika na kuzidai ushahidi, wengi walipata nafuu. Tiba ya fikra na tabia inayotolewa leo hospitalini ilianzia hapo. Beck alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100, na mpaka leo hatujapata njia nyepesi kuliko ile ya kalamu na karatasi.

Chukua daftari, tugeukie sentensi yako nzito kuliko zote: “Nimewaponza wanangu.” Iandike kama ilivyo, usiilainishe. Sasa tafuta punje 20 za mbaazi uziweke mkekani. Hizo punje 20 ndizo lawama yote ya kilichotokea. Wagawie wote na vyote vilivyokuwa na mkono katika jambo hili, na wewe mwenyewe ujigawie mwisho. Utaratibu huo una sababu: ukijianza wewe, utazichota zote.

Kuna orodha ya mahitaji iliyokuja na barua ya shule, godoro, ndoo, sare, nauli, na tarehe ya kuripoti isiyosubiri msimu wa korosho. Kuna mwezi wenyewe wa saba, ambao kwa mkulima wa Newala au Tandahimba ni mwezi wa kupuliza mikorosho na kutoa hela, wakati minada inafunguliwa mwezi wa kumi. Kuna mtu wa kangomba, ambaye anaijua kalenda hiyo kuliko unavyoijua wewe na ndiyo maana huja mlangoni wakati mifuko imekauka. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa mkulima kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, ulipoingizwa kwenye korosho mwaka 2007, watu wa aina hiyo ni miongoni mwa waliokusudiwa kuondolewa, na bado wapo. Kuna bei, ambayo ulipopokea zile laki nne hapakuwa na mtu kijijini aliyeweza kukuapia itafika wapi. Pengine pia kuna mzee wa nyumba aliyekuachia wewe peke yako kuhangaikia safari ya mtoto. Hilo hukuliandika, nalitaja tu kwa kuwa nimelisikia kwa akina mama wengi wa huku kwetu.

Ukimaliza kugawa, zitabaki punje za kwako. Nakisia tano au sita. Hizo ni zako kweli, usizirudishe kwa wengine. Uliingia kwenye biashara isiyoruhusiwa bila kumwuliza mtu, na ukamdanganya mwenzio. Mtu akikuambia huna kosa lolote atakuwa anakubembeleza, na kubembelezwa hakutakupa usingizi. Lakini angalia tofauti ya tano na ishirini. Mwenye punje tano ana jambo la kurekebisha, na bado anaweza kusimama.

Halafu soma tena sentensi yako. Huyo mtoto uliyemponza yuko wapi? Yuko shule. Barua yako yote imejaa gunia nne na haina hata nusu mstari juu ya kijana aliyeripoti kwa wakati akiwa na godoro lake. Sikulaumu kwa hilo, sonona ndivyo inavyofanya: inamchagulia mtu ushahidi wa upande mmoja, kisha inamwacha aamini kwamba ameona wote. Kwa hiyo chini ya sentensi ya kwanza andika nyingine, isiyo ya kioo. Mimi ningeandika hivi: “Nilichukua hela kwa njia mbaya ili mtoto aende shule. Alikwenda. Tumepata hasara kubwa, na kuna uongo ambao sijausema.” Haipendezi, lakini kila neno lake lingesimama mbele ya baraza la wazee, na ndiyo maana itakaa kichwani wakati “mimi ni mshindi” imekataa.

Fanya hivyo kwa “mjinga” na kwa “kila ninachoshika kinaharibika”. Hiyo ya mwisho ni nyepesi: neno “kila” linaanguka ukitaja kimoja tu ambacho hakikuharibika.

Sasa saa nane za usiku. Hapa sina upole sana, kwa sababu usiku ndio unaokumaliza. Unalala pale ukicheua jambo lilelile: kwa nini nilifanya, kwa nini sikusubiri, kwa nini mimi. Ng'ombe akicheua anapata chakula, wewe unatoka mtupu. Susan Nolen-Hoeksema wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa amewapima wanafunzi wake mazoea hayo ya kucheua huzuni wiki mbili tu kabla ya tetemeko kubwa la ardhi lililopiga eneo lao la California Oktoba 1989. Akawapima tena siku 10 baada ya tetemeko, na tena baada ya wiki 7. Waliokuwa na mazoea ya kucheua kabla ya janga ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za sonona baadaye. Tetemeko lilikuwa moja kwa wote.

Mambo ya usiku hayatafutiwi jibu usiku. Yape saa yake mchana: tuseme saa kumi na moja jioni, baada ya alasiri na kabla hujabandika chungu, nusu saa tu. Kaa barazani na daftari, si kitandani. Waza utakavyo, lakini kwa kuandika, na kila mstari uuwekee alama kama ni shauri au hukumu. Nusu saa ikiisha funga. Mbinu hii ilijaribiwa na Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983, na mimi naipenda kwa sababu haikukatazi kuwaza, inakupangia tu. Wazo likikujia saa nane, liambie lina saa yake kesho. Litakubishia siku za mwanzo. Likikubishia na usingizi ukagoma, kwa makadirio yako kama dakika ishirini hivi, usiendelee kugaragara. Inuka, kaa penginepo, taa iwe ndogo, simu usiiguse kabisa, fanya kitu cha kuchosha mikono kama kuchambua mchele, rudi macho yakilemea. Asubuhi amka saa ileile hata kama hukulala vizuri, na usingizi wa mchana upunguze.

(Wasomaji wanaume ambao hunijibu kwamba uraka au nipa huwalaza vizuri zaidi ya ushauri wangu: pombe inakupa usingizi wa mwanzo na kukunyang'anya wa mwisho. Ndiyo maana nanyi mnaamka saa nane.)

Kuna jambo ambalo naliamini kuliko hata daftari, nalo ni kazi za mikono. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake, Marekani, waliivunja ile tiba ya Beck vipande ili waone ni kipi kinachoponya. Kundi moja lilipewa tiba kamili, kundi jingine likapewa kipande cha matendo peke yake: kumrudisha mgonjwa hatua kwa hatua kwenye shughuli alizoziacha. Kundi la matendo halikuachwa nyuma. Maana yake, hulazimiki kusubiri moyo uwe mwepesi ndipo uende shamba. Unaweza kwenda na moyo wako mzito hivyohivyo, nao hufuata baadaye, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye.

Ila usiseme “kesho nitapalilia shamba lote”. Utashindwa, na sonona itaongeza ushahidi wake. Sema: Jumatatu na Alhamisi, kuanzia saa moja asubuhi, mikorosho mitatu, kisha narudi. Ukifika mitatu rudi hata kama unajisikia kuendelea. Jioni andika ulichofanya, na pembeni andika moyo ulikuwaje kabla na baada, kwa namba kuanzia 0 mpaka 10. Usitarajie kuruka kutoka mbili hadi nane. Mbili ikiwa tatu, umeona njia.

Kikoba nacho urudi. Najua unachokiogopa: jina la kikoba ulilitumia kwenye uongo, na unahisi ukikaa pale watu wanakusoma usoni. Hawajui kitu. Nenda ukae nyuma, uweke hisa moja, uondoke. Kadiri unavyokaa mbali ndivyo woga unavyonona.

Kuhusu imani, shoga yako mwambie kwamba mwenye malaria hatuulizi swala zake. Dua yako endelea nayo, inatuliza na haigombani na lolote nililosema hapa. Anayekudai kuku na fedha ili aondoe “kilichokukalia” muache apite.

Kisha hospitali, na hapa nisikilize vizuri. Unaposononeka sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hamu ya mambo imekwisha, usingizi umevurugika na unajilaumu kupita kiasi, hiyo si tabia mbaya ya kuwaza, ni ugonjwa unaotibika. Wewe umeshapita wiki mbili kwa miezi. Nenda hospitali ya wilaya hapo Newala, useme wazi kwamba unataka kumwona mhudumu wa afya ya akili. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa ya hospitali ya Ligula, mjini Mtwara. Waombe pia wapime damu yako, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kumfanya mtu achoke na asononeke vilevile, na kama una mtoto mchanga uwaambie. Ukipewa dawa za sonona, ujue huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na haziachwi ghafla kwa sababu umepata nafuu. Ila usiende duka la dawa kununua valium ili ulale. Inazoeleka haraka, na kuiacha ni mateso mengine.

Hukuniandikia kama umewahi kutamani usiwepo. Nakuuliza, kwa sababu kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Kama jibu ni ndiyo, usisubiri siku ya kliniki: mwambie mtu mmoja leo, akae nawe, mwende hospitali pamoja. Na hata kama jibu ni hapana, viuatilifu vya mikorosho visilale chumbani kwenu msimu huu. Vipelekwe kwa ndugu au jirani mwenye chumba cha kufunga, na ufunguo asiwe nao yeyote wa nyumbani kwako. Saa mbaya hupita ikiwa sumu haiko karibu.

Limebaki shauri lenyewe. Mjini Harare, Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi, kwenye mabenchi nje ya zahanati. Bibi hamwambii mtu afikirie mazuri. Anamwacha ayamwage yote, kisha anamwuliza katika hayo ni lipi aanze nalo, na hatua gani ndogo inawezekana wiki hii. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida ya zahanati.

Ningekuwa bibi wa benchi lako, ningekuambia anza na mume. Hasara mmeshaila tayari. Kinachokuamsha usiku, kwa ninavyosoma, ni kwamba unaila peke yako. Kama ni mtu wa kurusha mkono, usiende peke yako. Huku kwetu mjomba ana kauli katika mambo ya watoto wa dada yake, na mikorosho yenyewe ni ya upande wa mama. Nenda kwanza kwa mjomba wako, umweleze yote, akae nanyi siku hiyo. Kama mumeo ni mtu wa kununa tu, chagua jioni ambayo watoto hawapo na tumbo limeshiba, useme kwa ufupi: “Zile laki nne hazikuwa za kikoba. Nilichukua kangomba, nikaogopa kukwambia. Gunia nne za mama ndiko zilikokwenda.” Kisha nyamaza. Usijitukane mbele yake ili akuonee huruma, na usimtaje mtoto kama ngao. Akinuna siku tatu, anune.

Akishaongea, mwezi wa saba uzungumzwe hapohapo, kwa sababu kijana anaanza kidato cha sita na nauli itatakiwa tena kabla ya mnada wa kwanza. Hesabuni mahitaji yote sasa hivi, muone mbaazi zitakazovunwa zinatoa kiasi gani, na mkopo halisi wa kikoba unatoa kiasi gani kwa mtu mwenye hisa kama zako. Kitakachopungua kiandikwe kwenye daftari lilelile, na kiwe cha wawili. Yule mtu wa kangomba atapita tena mwezi huo, na safari hii awakute wote wawili nyumbani.